Mgahawa Mpya wa Kiitaliano Mtaani: Jinsi ya Kuipeleka Familia Nzima na Kila Mtu Arudi Ameshiba

Njiro, mtaa wetu hapa Arusha, ikipata mgahawa mpya, habari husambaa kabla rangi ya ukutani haijakauka. Wiki ya pili magari yamepangwa hadi barabarani, wiki ya tatu kila jirani anakuuliza kama umeshafika. Ukiwa ni mgahawa wa Kiitaliano, wenye tanuri la kuni na menyu ya kurasa kadhaa, wengi huenda mara moja, hupiga picha, hutoka na njaa au na bili iliyowashtua, halafu husema chakula kile si cha watu kama sisi. Sikubaliani nao. Chakula cha Kiitaliano kina undugu na chakula chetu kuliko tunavyodhani. Kinachotuangusha ni menyu, kwa sababu imeandikwa kana kwamba kila msomaji anaujua utaratibu wa mezani kwao.

Naandika nikiwafikiria watu ninaotoka nao mimi: mama mkwe kutoka Machame ambaye piza aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka zaidi ya sitini, shemeji Mwislamu, watoto wawili, na mume ambaye bila nyama hahesabu kwamba amekula. Ukiweza kuilisha meza ya namna hiyo vizuri, meza nyingine yoyote itakuwa nyepesi.

Hatua ya kwanza: chagua siku, kisha piga simu

Jiko jipya lina siku zake za kujifunza. Wapishi bado hawajazoeana, tanuri halijajulikana tabia, na wahudumu wanachanganya meza. Kama mnaweza kusubiri, subirini mwezi mmoja tangu kufunguliwa. Kama hamwezi, nendeni Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi za mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia, ziacheni kabisa. Vivyo hivyo Jumapili za kipaimara na komunyo ya kwanza, maana meza za watu ishirini huchukua jiko zima na nyinyi mtakula saa nne usiku. Kuanzia Julai hadi Septemba kuna watalii pia, hivyo kuweka nafasi mapema ni lazima.

Simu ipigwe asubuhi kati ya saa nne na saa tano, au alasiri saa tisa. Ukipiga saa mbili usiku, anayepokea ameshika trei mkono mmoja na hatakusikiliza. Ukimpata, usiishie kusema "meza ya watu sita". Mwambie una mzee na watoto, ungependa meza iliyo mbali na moshi wa tanuri na mbali na mlango. Juni hadi Agosti Arusha ni baridi kweli, na migahawa mingi mipya imetengenezwa ya wazi ili ipendeze kwenye picha. Meza ya ndani kwa mzee ina thamani kuliko ile ya bustanini yenye taa nzuri. Mbebee sweta hata kama amesema hahitaji.

Kabla hujakata simu, waombe wakutumie menyu kwa WhatsApp. Hili ndilo jambo lililonisaidia kuliko yote. Menyu ikisomwa nyumbani, kwa utulivu, watoto wakiulizwa wanataka nini na mama mkwe akielezwa kila kitu ni nini, mkifika mezani hakuna anayejisikia mgeni. Mtu mzima akishikishwa kitabu cha maneno asiyoyajua mbele ya mhudumu aliyesimama na kalamu, ataagiza chipsi kuku ili yaishe.

Hatua ya pili: jueni nani analipa na ni kiasi gani

Kwetu aliyealika ndiye anayelipa. Kama mnataka kuchanga, liseme jambo hilo siku mnayopanga, kwenye kundi la familia, kwa maneno yaliyonyooka: kila mtu na chake, au tunachanga kiasi hiki kila mmoja. Kulileta mezani bili ikishafika ni kumdhalilisha mtu.

Ukiwa na picha za menyu, piga hesabu. Nitatumia bei za mfano tu, wewe weka zako. Vitangulizi viwili vya 15,000 ni 30,000. Piza mbili za 25,000 ni 50,000. Sahani mbili za tambi za 22,000 ni 44,000. Sahani moja ya nyama 35,000, mboga za pembeni 8,000, vinywaji vya wote 24,000. Jumla shilingi 191,000. Sasa angalia chini kabisa ya menyu, kwenye maandishi madogo. Kama imeandikwa kwamba bei hazijajumlisha VAT, ongeza kiwango cha kawaida cha asilimia 18, yaani 34,380, na bili yako inakuwa 225,380. Tofauti hiyo inatosha kumharibia mtu usiku wake kama hakuitarajia. Uliza pia kama kuna tozo ya huduma.

Na kama menyu imeandikwa bei za dola, jambo ambalo Arusha tulilizoea miaka mingi kwa sababu ya utalii, ujue kwamba kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Una haki ya kuambiwa bei kwa shilingi, na huna sababu ya kuona haya kuidai.

Hatua ya tatu: elewa mpangilio wa menyu

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Menyu ya Kiitaliano imegawanywa kwa zamu za kula. "Antipasti" ni vitangulizi, vitu vidogo vya kufungulia tumbo: mkate uliookwa wenye nyanya na kitunguu saumu juu, mboga zilizochomwa, jibini, nyama zilizokaushwa zilizokatwa nyembamba. "Primi" ni zamu ya kwanza, na humo mna tambi za kila aina, risoto (wali wao wa rojo) na supu. "Secondi" ni zamu ya pili, yaani nyama na samaki. "Contorni" ni mboga za pembeni. "Dolci" ni vitu vitamu. Piza huwa na ukurasa wake, nayo ni mlo kamili.

Kwa hiyo tambi kwao ni zamu moja katika mlo, na nyama inafuata baadaye kwenye sahani nyingine. Sisi tumezoea sahani moja yenye wali, mboga, maharage na nyama kwa pamoja. Ukiagiza kuku kwenye ukurasa wa secondi, anaweza kuja kuku peke yake, na limao. Mume wangu alipoletewa nyama yake mara ya kwanza alikaa anasubiri ugali au viazi vifuate, na havikuja mpaka tulipoagiza, wakati huo nyama imeshapoa. Kila mara uliza: "Hii inakuja na nini?" Kama inakuja yenyewe, agiza contorno moja ya viazi au mchicha, mgawane.

Huna wajibu wa kuagiza zamu zote. Waitaliano wenyewe siku za kawaida hawali zote. Mpango ninaoupendekeza kwa watu sita ni ule wa hesabu ya hapo juu: vitangulizi viwili katikati ya meza, piza mbili za kugawana, sahani mbili za tambi, nyama moja kubwa na contorno moja. Mwombe mhudumu alete sahani tupu za ziada. Kula kwa kugawana ni desturi yetu tangu sinia la pilau, na piza imeumbwa kwa kugawanywa. Usiagize piza sita kwa watu sita. Piza ya mtindo wa mji wa Napoli inaweza kufika sentimita 35 kwa upana, na mtoto wa miaka minane hamalizi hata nusu.

Kama hujui mahali pa kuanzia, agiza "margherita": mchuzi wa nyanya, jibini ya mozzarella, majani ya rehani, mafuta ya zeituni. Haina mahali pa kuficha kasoro. Mgahawa ukishindwa kupika margherita nzuri, piza yenye vitu kumi na viwili juu haitakuwa na afueni, itakuwa na kelele tu.

Hatua ya nne: kitimoto, pombe na miiko ya kila mmoja

Miaka kadhaa iliyopita tulikula kwenye mgahawa ambao siutaji. Shemeji aliuliza kama lasanya, zile tambi bapa zinazopangwa kwa tabaka na mchuzi wa nyama, ni ya ng'ombe. Mhudumu akajibu ndiyo, bila kusita. Tulikuwa tunamaliza alipokuja mwenzake kuondoa sahani, naye kwa kukisifia chakula chao akatuambia siri ya mchuzi ule ni bekoni inayokaangwa mwanzo kabisa. Shemeji alinyamaza. Hakugusa kitu kingine usiku ule, nami niliyewaalika nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba yule mhudumu wa kwanza hakudanganya. Lasanya ilikuwa ya ng'ombe kweli. Mchuzi wa nyama wa Bologna, ambao menyu huuita "ragù" au "bolognese", kwa asili una nyama ya ng'ombe ya kusaga pamoja na pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe, na mvinyo. Hata mapishi rasmi yaliyosajiliwa mjini Bologna mwaka 1982 yana pancetta. Swali letu ndilo lililokuwa na tundu. Tangu siku hiyo siulizi "ni ya ng'ombe?" Nauliza hivi: "Dada, kwenye chakula hiki kuna kitimoto chochote, hata kidogo, kwenye mchuzi, kwenye supu au kwenye mafuta ya kukaangia? Naomba umuulize mpishi." Nasema "kitimoto" kwa makusudi, kwa kuwa neno hilo halina tafsiri mbili, na nasubiri arudi kutoka jikoni. Mhudumu mzuri hatachukia. Akijibu papo hapo bila kwenda, mwombe tena kwa upole.

Majina ya kuyashika kichwani ni haya. "Prosciutto", "pancetta", "guanciale", "speck", "mortadella", "salame" na "'nduja" kwa kawaida yote ni nguruwe. "Maiale" ndilo neno lenyewe la nguruwe. "Carbonara" ya asili ni mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga na guanciale, ambayo ni nyama ya shavu la nguruwe. "Amatriciana" nayo ina guanciale. Piza ya "diavola" ina salami ya pilipili, na "capricciosa" huwa na hemu, yaani paja la nguruwe. "Bresaola" ni nyama iliyokaushwa ambayo kwa kawaida ni ya ng'ombe, ingawa kuuliza hakudhuru. "Manzo" ni ng'ombe, "pollo" ni kuku, "agnello" ni mwanakondoo, "pesce" ni samaki.

Kuna neno moja linalokamata watu wengi. Kwa Kiitaliano "peperoni" ni pilipili hoho. Kwa Wamarekani, "pepperoni" yenye p mbili katikati ni soseji ya pilipili, mara nyingi ya nguruwe au mchanganyiko wa nguruwe na ng'ombe. Menyu za kwetu huandikwa na watu waliojifunza huku na kule, kwa hiyo tahajia peke yake usiitegemee.

Kwa Mwislamu maswali hayaishii kwenye nguruwe. Risoto nyingi huanza kwa mvinyo mweupe uliomiminwa juu ya mchele, na michuzi mingi ya nyama hivyo hivyo. Tiramisu, kitamu chao cha biskuti, kahawa na jibini laini, mara nyingi hutiwa pombe. "Panna cotta", kitamu cha malai, hugandishwa kwa jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Uliza nyama yao wanainunua wapi na kama imechinjwa kihalali. Uliza pia kama kisu na ubao wa kukatia piza yenye hemu ndivyo vinavyokata ya kwenu. Mgahawa unaojali utakubali kukata yako kwa kisu kingine. Kama hawana majibu, shemeji ana chaguo salama kuliko mengine: "marinara". Jina linanukia bahari, lakini piza hii haina samaki wala jibini. Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Ndiyo ninayompendekezea pia Mkatoliki siku ya Ijumaa ya Kwaresima na mtu ambaye tumbo lake linagombana na maziwa. Ndugu zetu Wasabato, nao hawali nguruwe wala hawanywi pombe, na wengi wao kahawa hawagusi, kwa hiyo watapita humu humu.

Na mkiwa na rafiki asiyekula nyama kabisa, mjulisheni kwamba Parmigiano, ile jibini ngumu inayokunwa juu ya karibu kila kitu na inayowekwa ndani ya pesto, mchuzi wa rehani, hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama.

Hatua ya tano: mwagizie kila mtu kitu kitakachomkumbusha nyumbani

Mama mkwe nilimwanzia na polenta. Ni unga wa mahindi uliosongwa kwenye maji ya moto, na juu yake nyama iliyochemka muda mrefu ikawa rojo. Aliangalia sahani, akaonja, akasema: "Hiki si ni ugali laini?" Ndicho. Kaskazini mwa Italia polenta ililisha wakulima kwa karne nyingi, na mahindi yake yalivuka bahari kutoka Amerika kama yalivyovuka yetu. Kuanzia hapo usiku ule ulikuwa wake.

Mzee wa Kichaga anayependa mtori atapenda risoto, ukimweleza kwanza kwamba haijaharibika. Sisi wali mzuri ni ule unaochambuka punje kwa punje. Risoto wanataka mchele utoe wanga wake, uwe mzito na wenye kutiririka kidogo sahanini, ukaribie mtori. Anayependa supu ya utumbo atafute neno "trippa". Anayependa kunyonya mfupa aagize "ossobuco", muundi wa ndama uliokatwa ukiwa na uboho wake. "Gnocchi" ni matonge madogo ya viazi mviringo na unga, laini, mazuri kwa mtu asiye na meno imara. Mlaji wa nyama choma mwagizie "tagliata", nyama iliyochomwa na kukatwa vipande, lakini mwambie mhudumu mapema kama mnataka iive kabisa, kwa sababu wao huiacha nyekundu katikati.

Watoto usiwape spageti ndefu siku ya kwanza. Waagizie "penne", vile vibomba vifupi, kwa mchuzi wa nyanya mtupu. Epuka "arrabbiata", maana neno lenyewe maana yake ni mwenye hasira, na hasira hiyo ni pilipili. Watoto wetu waliolelewa na tambi za sukari na tui za mwezi wa Ramadhani kwa majirani watashangaa kidogo kukuta tambi zina chumvi. Wakionja mara tatu wamezoea.

Mgahawa wa Kiitaliano unaojengwa Arusha una bahati ambayo wengine hawana. Nyanya na vitunguu vya Ngarenanyuki viko karibu, ngano inalimwa West Kilimanjaro na Hanang, rehani inaota kwenye ndoo ya mtu yeyote. Kwa hiyo uliza kitu kimoja zaidi: "Leo mna nini kibichi kutoka sokoni?" Kama mhudumu ataweza kukujibu, agiza hicho. Mimi naona sahani ya bilinganya za hapa, zilizookwa na nyanya za hapa, inaishinda nyama iliyosafiri kwenye barafu kutoka Ulaya, na huwa ni ya bei nafuu.

Hatua ya sita: chakula kikifika

Nendeni mkanawe kabla, maana hapa hakuna atakayepita na birika na beseni. Mpeleke mzee kwanza umwonyeshe sinki lilipo. Muulize mhudumu kama mkate ulioletwa ni wa bure au unalipiwa; kwingine ni zawadi, kwingine unaandikwa kwenye bili.

Tambi zikija zina ugumu kidogo katikati, msizirudishe mkidhani ni mbichi. Wao huzipika "al dente", ziwe na kitu cha kuuma. Lakini hapa kwetu kuna jambo la ziada. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Tambi ambazo pakiti inasema zinaiva kwa dakika kumi zinahitaji muda zaidi huku, na mpishi aliyetoka pwani au aliyefuata pakiti anaweza kuzitoa mapema. Namna ya kutofautisha ni kuuma moja na kuiangalia ndani. Ugumu mdogo, rangi moja hadi katikati, hiyo ni al dente. Ukiona kiini cheupe kikavu chenye ladha ya unga, hiyo haijaiva, irudishe bila wasiwasi. Na kama wewe unazipenda laini kabisa, sema wakati wa kuagiza. Ni tumbo lako na ni pesa yako.

Piza ya tanuri la kuni huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu, ndani ya joto linalozidi nyuzi 430. Ndiyo maana ukingo wake una madoadoa meusi na katikati ni laini, ina majimaji. Hayo madoa ni alama ya moto mkali, hayamaanishi imeungua. Kinachostahili kurudishwa ni piza nyeusi chini yote, au yenye unga mbichi unaonata ukiipasua ukingo. Ufundi wa wapika piza wa Napoli uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2017, na mkiketi karibu na tanuri mtaona kwa nini: waacheni watoto watazame unga ukitandazwa kwa vidole bila kifimbo cha kusukumia chapati.

Kula kwa mkono au kwa kisu na uma, yote ni sawa. Kipande kikilegea, kikunje katikati kwa urefu. Kwa spageti, shika nyuzi tatu au nne kwa uma pembeni ya sahani, zungusha, inua. Ukichota rundo kubwa katikati halitaisha kuzunguka. Mchuzi ukibaki sahanini, ufute kwa mkate. Waitaliano wana jina kabisa la kitendo hicho, "scarpetta", na mtu aliyezoea kufuta bakuli kwa tonge la mwisho hahitaji kufundishwa.

Onjeni kabla ya kuomba tomato na chili sosi. Mkishaonja na bado mnazitaka, ombeni.

Hatua ya saba: kitamu na kahawa

Tiramisu ya asili ina mayai mabichi, kahawa na mara nyingi pombe. Mjamzito na watoto wadogo waiache. Wapeni aiskrimu ya Kiitaliano, "gelato". Mbili zenye vijiko sita zinatosha meza yote.

Kahawa kwao huja baada ya kitamu, na ukiagiza "caffè" utaletewa kikombe kidogo cha espreso, kichungu, cha kunywa kwa mafunda matatu. Aliyewahi kukaa na wazee kwenye benchi la kahawa chungu na kashata atakielewa mara moja. Waitaliano hawana desturi ya kunywa kapuchino baada ya chakula, kwao hiyo ni ya asubuhi. Mama mkwe aliitaka usiku na aliinywa, na hakuna aliyemkataza. Uliza kama kahawa yao ni ya hapa. Mtu anayeishi chini ya Meru, na kule mbele Kilimanjaro, miteremko miwili inayolisha dunia arabika, ana haki ya kuuliza kwa nini akanywe ya kopo kutoka mbali.

Hatua ya nane: bili

Isome mstari kwa mstari, hasa idadi ya maji na vinywaji, kwa sababu ndiko makosa hutokea meza ikiwa na watu wengi. Ukikuta kosa, mwite mhudumu pembeni badala ya kumpigia kelele. Lipa kwa Lipa Namba ukihakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la mgahawa, kisha dai risiti ya EFD. Karatasi ya oda iliyoandikwa kwa kalamu si risiti.

Bakshishi hailazimishwi. Mhudumu aliyekwenda jikoni mara tatu kuniulizia kitimoto mimi nampa fedha taslimu mkononi, namwambia na sababu, na nikirudi nauliza kama yupo zamu.

Hatua ya tisa: mabaki

Omba wakufungie kila kilichobaki, hata vipande viwili. Kifike kwenye friji ndani ya saa mbili, kwa hiyo kisibaki kwenye gari mkipitia kwa jirani.

Asubuhi usiipashe piza kwenye maikrowevu, itakuwa kama mpira. Weka kikaango kizito kwenye moto mdogo bila mafuta, panga vipande, acha dakika mbili chini ikauke. Dondosha matone machache ya maji pembeni ya kikaango, si juu ya piza, funika dakika moja ili jibini iyeyuke. Tambi zipashe kwenye sufuria na vijiko viwili vya maji ukizigeuza taratibu. Risoto iliyolala ibonyeze iwe vidonge bapa kama katlesi za viazi, pitisha kwenye yai na unga wa mkate mkavu, kaanga. Watoto wabebe vya moto kwenda shule.